Mafuta ya Taa Hayayeyushi Chumvi: Kuosha Cheni ya Pikipiki Nyumbani, Malindi

Tia kijiko cha chumvi katika kopo la mafuta ya taa, ukoroge mpaka mkono uchoke. Chumvi itazunguka kwa muda, kisha itatulia chini vilevile ilivyoingia. Tia kijiko kama hicho katika maji, ukoroge kidogo tu, na hutaona tena punje. Jaribio hilo dogo ndilo lililobeba makala haya. Maelezo mengi ya kuosha cheni yanayopita mikononi mwa waendeshaji yalitungwa kwa ajili ya watu wa bara, ambako cheni huliwa na vumbi na grisi iliyozeeka. Malindi cheni ina maadui watatu: grisi iliyozeeka, mchanga na chumvi. Mafuta ya taa yanawaweza wawili wa mwanzo. Wa tatu hayamgusi.

Ndiyo sababu cheni iliyooshwa Jumamosi jioni ikang'aa kama kijiko kipya, Jumapili asubuhi huamka na rangi ya chungwa. Mwenyewe hulaumu mafuta ya taa kuwa yamechanganywa, au cheni kuwa ya bandia. Kilichotokea ni kwamba mafuta ya taa yaliondoa oili yote iliyokuwa ikikinga chuma, yakaiacha chumvi pale pale ilipokuwa. Chumvi hunyonya unyevu hewani. Unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi hulowa yenyewe na kugeuka tone la maji makali. Usiku wa pwani hufika hapo bila taabu. Chuma kikavu kisicho na oili, kikalala na tone hilo juu yake mpaka alfajiri, lazima kishike kutu.

Chumvi yenyewe huingia kwa njia nyingi. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka na upepo hubeba rasharasha hadi barabara za karibu na ufuo. Anayepita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, hurushiwa matope ambayo maji yake yakikauka hubaki unga mweupe. Lakini chumvi ninayoiogopa zaidi ni ya samaki. Mtu amefunga ndoo za samaki nyuma kutoka Ngomeni au Mayungu, barafu inayeyuka, na maji ya samaki yanadondokea cheni tone kwa tone njia nzima. Cheni ikiisha mapema husingiziwa uzito wa mzigo, na maji yale hayatajwi. Karatasi ya nailoni iliyokunjwa chini ya ndoo, ikaelekeza maji upande wa pili wa gurudumu, huokoa cheni kuliko oili yoyote ya dukani.

Mchanga nao si wa aina moja. Ule mweupe wa Watamu kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyosagika, na matumbawe ni laini ukilinganisha na chuma. Ule wa Malindi hadi Mambrui umeletwa na mto Sabaki kutoka bara na umejaa kwatsi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Ukichanganyika na grisi unapata msasa wa maji kamili. Grisi huushika usidondoke, na cheni huuzungusha kati ya pini na bushi mara elfu kwa elfu. Kwa hiyo cheni iliyopakwa grisi nene nje, inayoonekana imetunzwa, mara nyingi ndiyo inayosagika haraka zaidi.

Ijue cheni yako kwanza

Pikipiki nyingi za boda boda hutumia cheni ya namba 428. Namba hiyo huwa imepigwa muhuri kwenye vibati vya pembeni. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 12.7. Kila kiungo kina pini, bushi inayoizunguka pini, na rola inayoizunguka bushi na kukaa juu ya jino la sproketi, yaani lile gurudumu dogo la meno linalozungusha cheni au kuzungushwa nayo. Cheni husemwa imevutika, ila chuma chake hakikuvutika. Pini na bushi zimelika, kila moja ikaacha nafasi ndogo, na nafasi mia na zaidi zikijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Kwa hiyo mahali panapotakiwa kuoshwa na kutiwa oili ni ndani, kati ya pini na bushi. Kung'arisha nje ni urembo.

Sasa angalia kati ya kibati cha ndani na cha nje. Ukiona vijiduara vyeusi vya mpira, hiyo ni cheni ya oringi: grisi ya kiwandani imefungiwa ndani na mpira huo ndio mlango wake. Cheni hiyo usiiloweke. Isugue kwa brashi laini iliyochovywa mafuta ya taa, dakika tano zikitosha, uioshe kwa maji na sabuni, uikaushe na kuipaka oili ya gia juu ya mpira. Brashi ya waya usiilete karibu, na petroli vilevile, kwa maana oringi iliyokatika haina tiba. Cheni nyingi za boda boda hazina oringi, na yote yanayofuata ni kwa ajili ya hizo.

Kutengeneza chombo cha kuoshea

Wazo lake ni la kufua nguo: maji ya kwanza ya kutoa uchafu, ya pili ya kusuuza. Hapa pia tunakuwa na mafuta ya taa ya aina mbili: machafu kidogo ya kulowekea, na safi ya kumalizia. Anayetumia beseni moja huitoa cheni katika tope lile lile alilolitoa ndani yake.

Chombo cha kulowekea ni ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana. Watu hukimbilia ya lita 20 kwa kuwa ndoo za rangi ni nyingi, lakini upana wake utakulazimu ununue karibu lita 8 ndipo cheni izame. Ndani ya ndoo simamisha kichanja. Sufuria kuukuu ya alumini inafaa, pana kadiri ya kuingia, itobolewe kwa msumari matundu ya milimita 5 yaliyoachana sentimita moja na nusu, ikafungiwa boliti tatu za sentimita 5 kama miguu. Cheni hukaa juu ya kichanja, uchafu hupita matunduni na kulala chini ambako cheni haifiki tena. Kichanja hiki ndicho kinachokitofautisha chombo cha kuoshea na ndoo tu ya mafuta ya taa. Bila hicho, kila unapotikisa unarudisha mchanga ndani ya rola. Lita 4 na nusu hivi zinatosha: nusu chini ya kichanja, nusu juu yake.

Chombo cha kusuuzia kina sehemu mbili. Ya juu ni jerikeni ya lita 5 iliyowekwa juu ya meza au kwenye matofali, sentimita 60 hadi 80 juu ya mahali pa kazi, imefungwa koki ya shaba ya nusu inchi karibu na chini yake. Kwenye koki fungia mpira wa mita moja, na mwisho wa mpira uufunge kwa waya kwenye brashi ya rangi ya inchi moja, ili mafuta yatokee katikati ya nywele za brashi. Mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe; huhitaji pampu wala umeme, na karibu na mafuta ya taa napendelea kusiwe na cheche ya aina yoyote. Sehemu ya chini ni mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa kwa urefu ukawa kama dau. Uinamishe upande mmoja, utoboe tundu la sentimita mbili kwenye kona ya chini, na chini ya tundu uweke kopo la kupokea.

Mahali chombo hiki huharibikia ni kwenye koki. Mtu huziba kwa silikoni, na kwa siku chache hufurahi. Silikoni haivumilii mafuta ya taa; huvimba, hulainika kama ugali mbichi na kuachia. Bana koki kwa nati pande zote mbili za plastiki, katikati uweke gasketi uliyoikata kwenye karatasi ya gasketi ya injini, na kwenye nyuzi uzungushe tepu nyeupe ya mabomba. Mpira wa maji nao baada ya miezi kadhaa hukakamaa na kupasuka kwenye bano. Ukiuona umebadilika rangi na haupindiki, ubadilishe kabla haujakumwagia sakafuni. Plastiki ya jerikeni na mitungi ya kawaida haidhuriki. Vikopo vyepesi vinavyovunjika kama biskuti usivitumie.

Kuna nyongeza ndogo ninayoipenda kuliko vyote. Vunja spika mbovu ya redio, toa sumaku yake, uifunge ndani ya mfuko wa nailoni na uilaze kwenye dau mbele ya tundu. Chembe za chuma zitanasa juu ya mfuko. Ukimaliza, vua mfuko na chembe zote huanguka.

Mafuta ya taa, au kitu kingine?

Petroli huosha haraka na ni hatari. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya barafu, ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ulikute jiko la jirani. Hakuna cheni inayostahili hilo. Dizeli huosha polepole na huacha utando unaochelewa kutoka; kwa kulowekea usiku kucha inafaa, kwa kusuuzia hapana. Mafuta ya taa yamekaa katikati: mvuke wake huanza kuwa hatari kuanzia nyuzi joto 38 hivi. Kumbuka tu kwamba kopo lililoachwa juani Malindi saa saba mchana hupita nyuzi hizo. Fanya kazi asubuhi au alasiri, kivulini, nje, mahali panapopita upepo, na jiko la mkaa liwe mbali.

Maji ya betri, ambayo wengine huyatumia kutoa kutu, yasiguse cheni kabisa. Asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kilichokomazwa na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika, tena bila dalili. Cheni itang'aa, halafu siku moja itakatika ukiwa na abiria.

Vaa glavu. Mafuta ya taa hunyonya mafuta ya ngozi, mikono ikapasuka na kuwasha siku nyingi. Na usiyahifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Yakiingia kwenye mapafu ndipo yanapoua. Mpeleke hospitali mara moja.

Kuitoa cheni

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa, ufunguo mfukoni, gia huru. Nasema ufunguo mfukoni kwa sababu ipo desturi ya kuwasha injini na kutia gia ya kwanza ili gurudumu lizunguke lenyewe wakati mtu ameshika tambara kwenye cheni. Tambara hunaswa kati ya cheni na sproketi, na kidole hulifuata kabla mtu hajafungua mkono. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, na kurudi nyuma, ili cheni itoke kwenye sproketi mahali ulipo mkono wako badala ya kuingia.

Fungua kava ya cheni na kifuniko cha sproketi ndogo ya mbele. Hapo nyuma utakuta tope jeusi la grisi na mchanga lililogandamana, pengine gumba zima. Likwangue kwa kijiti, usipige maji, maana nyuma ya sproketi kuna sili ya oili ya injini. Zungusha gurudumu mpaka loki, kile kiungo chenye klipu kinachounganisha ncha mbili za cheni, ifike kwenye sproketi kubwa ya nyuma, ambapo meno yanazishika ncha zote mbili zisirukane. Sukuma klipu kwa plaizi, vuta kibati, toa loki. Kabla hujavuta cheni, funga kipande cha cheni kuukuu au waya mgumu kwenye ncha moja, ili inapotoka ule waya ubaki umezunguka sproketi ya mbele ukikungojea. Funga uzi kwenye kiungo cha mwisho kuonyesha upande wa nje: cheni iliyokwisha kulika upande mmoja irudi ilivyokuwa.

Kuosha

Kwanza maji. Hapa ndipo wengi hushangaa, lakini chumvi na mchanga vilivyo nje vitoke kabla ya kuyachafua mafuta. Mwagia maji ya pepo ndoo moja taratibu, huku ukiisugua kwa brashi, kisha uikung'ute na kuiacha juani nusu saa. Yaonje maji yenyewe kabla. Visima vingi karibu na bahari vina munyu. Maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kando ya Sabaki, au ya mvua, ndiyo ya kutumia. Kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi bure. Mashine za presha za mahali pa kuoshea magari nazo niziseme: husukuma maji na mchanga hadi ndani ya bushi na ndani ya beringi za gurudumu, mahali ambapo vumbi peke yake lisingefika kwa mwaka.

Pili, kulowekwa. Laza cheni juu ya kichanja, funika, iache saa mbili; kama grisi imekuwa kama lami, usiku kucha. Kila unapopita ishike, uiinue na kuizamisha, ukiikunja kila kiungo. Kukunja ndiko kunakotoa uchafu wa ndani. Cheni iliyolala tuli huoshwa nje tu, kama nazi iliyotiwa maji bila kukamuliwa.

Tatu, kusuuza. Ihamishe kwenye dau, fungua koki kidogo mpaka mafuta yatoke kama uzi, na upige brashi pande zote nne: juu, chini, kushoto, kulia. Pitia kiungo baada ya kiungo, ukikikunja huku mafuta yakipita. Mswaki mkuukuu hufika kati ya vibati ambako brashi ya rangi haifiki. Lita mbili hadi tatu zinatosha kwa cheni nzima. Umemaliza pale ambapo yanayodondoka yana rangi sawa na yanayotoka kokini, na ukiitikisa cheni karibu na sikio husikii mchanga ukikwaruza.

Nne, maji tena, na hii ndiyo hatua inayoachwa. Grisi ile iliyoondoka ilikuwa imefungia chumvi ndani yake, na chumvi hiyo sasa imekaa juu ya chuma tupu. Tia maji ya moto ya kuweza kuvumilika na mkono kwenye beseni, sabuni kidogo, uikoroge cheni dakika tano, kisha uisuuze kwa maji safi mara mbili. Mara mbili, kwa sababu sabuni nyingi za maji zinazochanganywa nyumbani na kuuzwa kwa mitungi hufanywa nzito kwa kutiwa chumvi. Kipande cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa ni salama zaidi. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini hazifai kabisa, zinakula chuma.

Kuanzia hapo usiende kunywa chai. Cheni iko uchi, ina maji, na hewa ya Malindi iko kazini. Ikung'ute kwa nguvu, uifute kwa tambara kavu, uilaze juu ya bati lililopata jua la adhuhuri, uigeuze baada ya dakika kumi na tano, na nyingine kumi na tano. Siku ya mawingu, iweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka isishikike kwa mkono. Ukiona tayari imepata vumbi la rangi ya chungwa, usiogope, ni kutu ya juu tu. Oili ya moto itaiondoa. Kutu yenye mashimo ni habari nyingine.

Oili iingie ndani

Tumia oili ya gia ya namba 90. Lita moja inatosha kwa mara nyingi, maana unayoitumia kweli ni vijiko vichache. Tia oili kwenye kopo la bati, kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria ndiyo ikae motoni. Usiweke oili motoni moja kwa moja. Maji hayapiti nyuzi 100, na hivyo oili haiwezi kuungua. Izamishe cheni ikiwa bado ina joto la bati. Utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye rola: hewa iliyokuwa ndani inatoka na oili iliyolegezwa na joto inachukua nafasi yake. Mapovu yakikatika, kwa kawaida baada ya dakika 20 au 30, epua. Iache ipoe humo humo, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ikipoa hunywea na kuvuta oili zaidi. Kisha ining'inize juu ya kopo usiku kucha, na asubuhi uifute nje mpaka tambara litoke karibu kavu. Oili ya nje haina kazi ila kukaribisha mchanga. Unataka utando mwembamba tu wa kuzuia kutu.

Cheni isiwe na harufu ya mafuta ya taa inapofika hatua hii. Yaliyobaki hutoa mvuke juu ya jiko na huipunguza nguvu oili. Hiyo ni sababu ya pili ya kuoga kwa sabuni.

Oili chafu ya injini, inayotumiwa kila steji kwa kuwa ni ya bure, ina chembe za chuma, masizi na asidi za moto wa injini. Yaani unaosha siku nzima, kisha unarudisha ulichokitoa. Tena si nzuri kwa ngozi ya mkono unaoipaka kila asubuhi. Mafuta ya nazi nayo huulizwa sana pwani. Hulainisha vizuri siku ya kwanza, lakini yakipoa chini ya nyuzi 24 huganda.

Ipime kabla hujairudisha

Kupima kwafaa sasa, cheni ikiwa safi. Grisi ngumu hujaza nafasi kati ya pini na bushi na kuifanya cheni iliyolika ionekane nzima. Ndiyo maana watu husema kuosha kumeirefusha. Ilaze mezani, ivute iwe kamba, uhesabu pini 21, upime kwa rula ya chuma kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ya 21. Cheni mpya ya 428 inasoma milimita 254. Ikifika 259, yaani imezidi kwa asilimia 2, basi, imekwisha. Pima sehemu tatu tofauti na uamini ile ndefu zaidi.

Kiungo kilichokakamaa, kisichokunjika, kipe oili zaidi na ukitikise kwa kidole kulia na kushoto. Kikikataa, cheni nzima imekwisha, kwa kuwa kila kikipita sproketi kinavuta kwa ghafla. Rola yenye ufa, vivyo hivyo. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana yatakula cheni mpya kwa muda mfupi, hivyo sproketi zote mbili na cheni hubadilishwa pamoja. Inauma mfukoni, najua, ila kuweka cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha ni kununua cheni mbili.

Katika kufunga, ifunge ncha ya cheni kwenye ule waya, uvute, na cheni itapita mbele bila kufungua kitu kingine. Klipu ya loki ina umbo la samaki: kichwa kilichozibwa na mkia uliogawanyika. Samaki huenda kichwa mbele. Cheni ikiwa upande wa juu huelekea mbele ya pikipiki, basi kichwa kielekee huko. Ukiigeuza, kitu chochote kitakachogusa mkia njiani kitaisukuma klipu itoke.

Ulegevu wa cheni kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti. Zungusha gurudumu na upime mahali panapobana zaidi. Aliyeikaza ikawa kama uzi wa gambusi, akipakia watu wawili cheni haina pa kwenda, na beringi ya sproketi ya mbele ndiyo inayolipa. Hakikisha alama za pande zote mbili za gurudumu zinalingana, kaza nati ya ekseli, na uiangalie breki ya nyuma: gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki ya ngoma huvutika na breki inaweza kushika yenyewe. Siku ya pili jioni pima ulegevu tena.

Paka oili kila kilomita 500, baada ya kufuta. Osha kamili kila 1,500 au 2,000. Aliyepita maji ya bahari au kubeba samaki asingoje hesabu: siku hiyo hiyo amwagie cheni maji ya pepo, aikaushe, aitie oili.

Mafuta ya taa yaliyobaki

Tangu 2018 kila lita ya mafuta ya taa ina tozo ya shilingi 18 iliyowekwa kuzuia uchanganyaji, kwa hiyo usiyamwage. Funika ndoo, iache tuli siku mbili. Mchanga, grisi na maji yoyote yaliyoingia hushuka chini, kwani mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji. Chota ya juu, robo tatu hivi, uyapitishe kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na hayo ndiyo ya kulowekea safari ijayo. Yaliyosuuzia huongezwa humo, na jerikeni ya juu hupata mapya. Yakishakuwa meusi kama kahawa tungu hata baada ya kutulia, yamechoka.

Kabla hujalitupa tope la chini, liangalie. Likiwa jeusi na laini, ulipaka grisi nyingi mno. Likikwaruza kati ya vidole vya glavu, kava ya cheni imepasuka au uliitoa; irudishe. Likiwa jekundu, chumvi ilikutangulia. Na ukikuta kwenye mfuko wa sumaku chembe zinazong'aa, nyingi kuliko mara iliyopita, chuma cha pini kinakwisha, hivyo rula itumike kila wiki.

Tope hilo lisimwagwe mchangani wala mtaroni. Ardhi yetu ni mchanga na matumbawe, inavuja kama chekeche, na visima ni vifupi. Likusanye kwenye mtungi wenye kifuniko, uuandike kwa rangi, na ukijaa uupeleke gereji inayokusanya oili chafu.